Somo: Kuziona nyota changa zilizofichwa na vumbi katikati ya M82

Wakuu, juzi kuna aliyeuliza: ikiwa katikati ya galaksi ya M82 nyota zinazaliwa kwa wingi, mbona picha zinaonyesha weusi? Ni vumbi. Picha ninazotaja zinapatikana mtandaoni bure.

Hatua ya 1. Fungua picha ya M82 ya darubini ya angani Hubble, ya 2006. Itazame michirizi myeusi katikati: hapo mwanga wa kawaida umemezwa.

Hatua ya 2. Iweke kando ya ile ya darubini ya angani James Webb iliyotolewa Aprili 2024. Webb huona infraredi, yaani mwanga wenye mawimbi marefu kuliko yale jicho linayoona. Mawimbi yake ya maikromita 2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ni marefu kuliko chembe nyingi za vumbi, hivyo hupenya. Kwa kulinganisha, katikati ya Njia Nyeupe yetu mwanga wa kawaida hutufikia sehemu moja tu kati ya trilioni. Kwenye maikromita 2.2 ni takriban moja kati ya kumi.

Hatua ya 3. Hapa wengi hujikwaa. Si infraredi yote ni mwanga wa nyota uliopenya. Nyingine hutoka kwa vumbi lenyewe, lililomeza mwanga wa nyota changa likapata joto. Fikiria makaa chini ya majivu: wekundu huuoni, ila ukisogeza mkono unausikia moto. Joto hilo ndilo setilaiti ya IRAS ililipima mwaka 1983 karibu anga zima, na ndilo msingi wa hesabu yetu: kila nguvu ya infraredi inayolingana na mng'ao wa Jua bilioni 10 ni sawa na nyota mpya zenye jumla ya uzito wa Jua moja na nusu hivi kwa mwaka. M82 inatoa zaidi ya bilioni 50. Piga mwenyewe.

MASWALI

– Mkuu, tutajuaje si shimo jeusi linalopasha hilo vumbi?
Chambua mwanga wake, wimbi kwa wimbi. Gesi ya neoni iliyopoteza elektroni moja, inayong'aa kwenye maikromita 12.8, ni kazi ya kawaida ya nyota changa. Iliyopoteza nne, 14.3, inadai mionzi mikali mno. Hapo shuku shimo jeusi. Galaksi ya NGC 7469 ina yote mawili, shimo katikati na pete ya nyota changa kulizunguka.

– Niko Dar, naweza kuiona M82?
Kwa darubini, jioni za Aprili, ila haipandi zaidi ya nyuzi 13 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Tafuta mahali pasipo na majengo.

– Kamera ya simu yangu inaona taa ya infraredi ya rimoti. Haitoshi?
Haitoshi. Inaishia karibu maikromita 1. Isitoshe, kwenye mawimbi marefu simu yenyewe inang'aa kwa joto lake. Ndiyo maana kifaa cha MIRI cha Webb hupoozwa hadi chini ya kelvini 7, yaani nyuzi -266 hivi za Selsiasi.