Namna ya Kuzuia Mafua Makali Yasienee Hosteli za Chuo
Mwenye mafua makali huweza kuambukiza wenzake tangu siku 1 kabla ya dalili kujitokeza hadi siku 5 au 7 baada ya kuugua. Kwa hiyo madirisha ya chumba yaachwe wazi hata wakati wa masika, na wanaolala vitanda vilivyokaribiana walale mzungu wa nne. Kohoa kwenye kiwiko, kisha nawa kwa sabuni kwa sekunde 20, hasa ukishashika komeo la bafu la pamoja. Mgonjwa asiende darasani mpaka saa 24 zipite tangu homa ishuke bila dawa, naye mwenzake, tafadhali, ampelekee uji na kumnakilia mhadhara. Mwenye pumu awahi zahanati mapema.