Tengeneza mchezo wa mafumbo ukianzia ukumbini kwa bibi

Michezo ya kompyuta ya visa na mafumbo, ile ya kubofya vitu na kuzungumza na wahusika, kampuni kubwa ziliitupa mkono kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Walioifufua ni watengenezaji wanaojitegemea, wengi wakitumia Adventure Game Studio, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Jones wa Uingereza. Ndiyo ninayotumia hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Anza na chumba kimoja tu. Mimi nilichora ukumbi wa bibi: mlango wa njumu, kinu, mtungi. Picha ya pikseli 320 kwa 200 yatosha.

Kwenye fumbo usiharakishe. Mchezaji wangu anataka ufunguo; bibi hautoi mpaka aletewe tui; nazi ipo, lakini mbuzi ya kukunia imeazimwa na jirani. Kila kizuizi kiwe na sababu ambayo mtu wa nyumba ile angeielewa. Maneno ya bibi yaandike kwa Kiunguja chake, usiyasanifishe, nakuomba sana.

Sauti rekodi kwa simu usiku, vespa zikishatulia. Kisha mkalishe asiyeujua mchezo acheze, nawe nyamaza. Anapokwama, andika.