Jinsi ya kuhamisha kichaka cha holi bila kukiua

Holi, yaani mimea ya jenasi Ilex ambayo mingi ina majani ya kijani yanayong'aa, ikihamishwa vibaya haifi siku hiyohiyo. Hukaa kijani wiki tatu, nne, hata miezi miwili, mwenye bustani akaamini imeshika. Kisha linakuja juma la jua kali na upepo, na kichaka chote kinageuka kahawia. Chanzo ni maji. Holi nyingi hazipukutishi majani kwa msimu, na jani la kijani hupoteza maji mwaka mzima, hata wakati wa baridi. Unapoing'oa, sehemu kubwa ya mizizi inabaki ardhini, ilhali majani yote yako palepale yakidai maji yaleyale. Karibu kila agizo lililo hapa chini linahusu pengo hilo.

Kwanza pima

Pima unene wa shina sentimita 15 juu ya ardhi. Bonge la udongo utakalotoka nalo liwe na kipenyo mara 10 hadi 12 ya unene huo. Shina la sentimita 4 linataka bonge la sentimita 40 hadi 48. Vichaka vyenye mashina mengi, kama holi ya Kijapani (Ilex crenata), vipime kwa kimo: cha mita 1 kipewe bonge lisilopungua sentimita 40, na cha mita 1.5 kisipungukiwe na sentimita 55.

Uzito nao uuhesabu mapema. Bonge la upana wa sentimita 50 na kina cha 35 linaweza kufikia kilo 100, na zaidi kama udongo umelowa. Hapo mnahitajika watu wawili, watatu wakiwa bora. Shina likizidi sentimita 7, waachie wenye mashine. Bonge lake litapasuka mikononi mwenu, na bonge lililopasuka ni mizizi iliyokatika.

Jambo moja husahaulika mara nyingi: holi ina mimea dume na mimea jike, na ni jike tu linalozaa matunda. Ukimpeleka dume mbali kiasi kwamba nyuki hawamudu kwenda na kurudi, majike yatachanua na yasizae.

Wakati

Vipindi viwili vinafaa. Cha kwanza ni pale joto kali limekwisha lakini udongo bado una uvuguvugu, ili mizizi ipate wiki kadhaa za kukua kabla ya baridi. Cha pili ni mwisho wa baridi, kabla vichipukizi havijafunguka. Pasipo na majira ya baridi, chagua mwanzo wa mvua, siku ya mawingu isiyo na upepo. Usiihamishe kamwe ikiwa na majani mapya laini. Hayo hunyauka ndani ya saa chache na hayainuki tena.

Kata mizizi miezi sita kabla

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa vichaka vikubwa. Holi iliyokaa mahali pamoja miaka mingi ina vijizizi vyake vinyonyaji mbali na shina. Ukichimba bila maandalizi unatoka na mizizi minene tu, ambayo kazi yake ni kupitisha maji na kushikilia mti.

Miezi 6 hadi 12 kabla ya kuhamisha, chora duara kuzunguka shina, dogo kidogo kuliko bonge unalokusudia. Kwa bonge la sentimita 60, duara liwe na upana wa 50. Shindilia sepeto kali wima, kina cha sentimita 25 hadi 30, ukizunguka duara lote. Usiinue mti. Mwagilia na uache. Kila mzizi uliokatwa utatoa vijizizi vingi karibu na ncha yake. Siku ya kuchimba unapita sentimita 5 nje ya mkato wa zamani, hivyo vijizizi hivyo vipya unaondoka navyo badala ya kuvikata.

Kichaka chenye umri wa miaka miwili mitatu hakihitaji hatua hii.

Andaa shimo jipya kabla ya kugusa mti

Mti usingoje juani wakati wewe unachimba. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge, lakini kina chake kisizidi urefu wa bonge. Ukichimba zaidi halafu ukarudishia udongo, udongo huo utashuka baadaye na mti utazama nao. Gome la shina likifunikwa na udongo wenye unyevu huoza.

Kama udongo ni mfinyanzi, sepeto huacha kuta za shimo laini kama chungu. Zikwaruze kwa uma wa bustani, la sivyo mizizi itazunguka humo ndani bila kupenya.

Jaribu upitaji wa maji: jaza shimo, liache linywe, jaza tena. Kama maji hayashuki hata sentimita 2 kwa saa, tafuta mahali pengine. Holi huvumilia kivuli na baridi, lakini mizizi iliyozama haivumilii. Hupenda pia udongo wenye asidi kidogo, pH 5 hadi 6.5. Kando ya ukuta mpya wa saruji si pazuri, kwa sababu chokaa hushuka na maji. Dalili utaiona kwenye majani mapya yanayokuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Kuchimba

Siku moja au mbili kabla, mwagilia lita 20 au zaidi taratibu. Udongo wenye unyevu hushikamana. Mkavu humwagika, na tope huteleza. Funga matawi kwa kamba kuelekea juu, vaa glavu nene na nguo ya mikono mirefu. Miiba ya majani ya holi ya Ulaya (Ilex aquifolium) hutoboa glavu za kitambaa. Tia alama kwenye tawi linalotazama kaskazini, ili baadaye upande uliozoea jua ndio urudi kwenye jua.

Chimba mfereji kuzunguka bonge, upana wa sentimita 25 na kina cha 35, mgongo wa sepeto ukiuelekea mti. Ukiligeuza, unajikuta unalisukuma bonge na kulipasua. Mizizi minene kuliko kidole ikate kwa mkasi wa kupogolea au msumeno. Usiivute, kwa maana mzizi uliochanika hauponi vizuri kama uliokatwa. Kisha ingia chini kwa mshazari hadi bonge likae juu ya kisiki cha udongo, na ukate kisiki hicho mwisho.

Liinamishe bonge upande mmoja, sukuma nusu ya gunia la katani lililokunjwa chini yake, liinamishe upande wa pili, ulivute gunia litokeze. Funga kwa kamba, kwa kubana. Inua kwa kushika chini ya bonge, au liburute juu ya turubai. Usibebe kwa shina hata hatua moja: uzito wote wa udongo utaning'inia kwenye mizizi na kuikata.

Kupanda

Weka bonge shimoni, uso wake ukiwa sawa na ardhi au sentimita 2 juu yake. Simama mbali kidogo uangalie kama mti umenyooka, kwa kuwa baada ya kujaza hautageuka. Ondoa kamba zote na ukunje gunia hadi chini. Gunia la plastiki litolewe lote.

Jaza kwa udongo uleule uliotoka shimoni. Wengi hutia mboji tele humo, na nia yao ni njema, lakini shimo lenye udongo tajiri katikati ya udongo wa kawaida huwa kama chungu: maji hutuama ndani na mizizi haina haja ya kutoka. Jaza hadi nusu, mwagia maji yafukuze mianya ya hewa, kisha malizia. Usikanyage kwa kisigino. Tengeneza tuta la mviringo la sentimita 8 ukingoni mwa bonge, umwage lita 20 zinywe polepole. Tandaza maganda ya miti au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yakiwa mbali na shina sentimita 10. Mbolea isubiri mwaka wa pili.

Kupogoa ni suala la kiasi. Kama bonge limetoka zima, ondoa matawi makavu na yaliyovunjika tu. Kama limepasuka, punguza hadi theluthi ya matawi ukianzia ndani, bila kugusa kilele. Bonge likiwa limemomonyoka kabisa, chuma sehemu kubwa ya majani kwa mkono na uache matawi. Inauma kuitazama, lakini ni njia ya zamani ya wapanda holi, na inafanya kazi.

Mwaka wa kwanza

Wiki mbili za mwanzo mwagilia kila baada ya siku mbili tatu, kisha mara moja kwa wiki wakati hakuna mvua, lita 15 hadi 20 kila mara. Maji yaanguke juu ya bonge lenyewe. Bonge linaweza kuwa kavu kabisa huku udongo wa pembeni umelowa, kwa sababu mizizi bado haijavuka. Ingiza kidole sentimita 5 karibu na shina: pakiwa na unyevu, usimwagilie. Mahali pa upepo, simamisha pazia la gunia kwenye vigingi, upande unakotoka upepo.

Sasa majani. Majani yakianguka usikate tamaa. Jani hudondoka kwa sababu tawi lililo hai limelikata lenyewe, na mti unapunguza mahitaji yake. Ishara mbaya ni majani yanayokauka kahawia na kung'ang'ania tawini: hapo tawi limekufa kabla ya kuwahi kuyaachia.

Kwaruza gome kwa ukucha. Kijani chini yake ni uhai, kahawia kavu ni kifo. Anzia nchani ukishuka, ukate pale kijani kinapoanza. Hata kikibaki kisiki cha sentimita 30 chenye gome la kijani, kiache msimu mzima wa kukua kabla ya kukichimbua, maana holi huchipua hata kutoka kwenye shina kuukuu, na vichipukizi vya kwanza mara nyingi hutokeza chini kabisa, karibu na ardhi.