Ruta mbili, waya mmoja: kufikisha intaneti chumba cha nyuma

Nyumba yetu ya Umoja, Nairobi, ina vyumba viwili na kuta za mawe. Fundi wa intaneti alipokuja, alipigilia kisanduku cha faiba nyuma ya televisheni, pale waya wake ulipoingilia, akaweka ruta, kifaa kinachorusha Wi-Fi, papo hapo, akaenda zake. Sebuleni ikawa raha tupu. Chumba cha nyuma, watoto walisimama mlangoni wameinua simu juu kama wanaoomba mvua. Jirani akanishauri nilipie kifurushi kikubwa zaidi. Hela hiyo usiitoe kwanza. Intaneti ilikuwa inafika nyumbani vizuri, ila ilikuwa haivuki ukuta.

Anza na lisilo na gharama. Toa ruta nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya utakavyoruhusu. Halafu angalia simu imeshika mawimbi gani. Ruta nyingi siku hizi hurusha aina mbili: GHz 2.4, yanayofika mbali, na GHz 5, yenye kasi lakini hufa haraka yakikutana na jiwe. Chumba cha mbali, tumia 2.4.

Bado? Basi tafuta ruta ya pili, hata kuukuu, na waya wa Cat5e, ule wa mtandao wenye nyuzi nane ndani. Ukienda kuununua Luthuli Avenue, kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwachie mwenyewe. Urefu usikutishe, waya huu hufanya kazi hadi mita 100.

Hatua ya kwanza ni kubana plagi kwenye ncha za waya. Shika plagi ya RJ45, ile ya waya wa mtandao, ulimi wake ukiangalia chini na mdomo unaopokea waya ukikuelekea, kisha panga nyuzi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi hukosea pale katikati: mkono unataka kuweka kijani pamoja na mwenzake, kumbe jozi ya buluu inakaa katikati yao. Kata ncha zote zilingane, sukuma mpaka uone shaba imegusa mwisho wa plagi, ndipo ubane kwa koleo la plagi hizo. Upande wa pili, mpangilio uleule.

Hatua ya pili, usiunganishe ruta hizo bado. Chomeka ruta ya pili kwenye kompyuta peke yake, fungua kwenye kivinjari anwani iliyoandikwa kwenye stika chini yake. Kama anwani ya ruta kuu, ile ya fundi, ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Jina la mtandao na nenosiri yafanane na ya ruta kuu, aina ya ulinzi wa Wi-Fi iwe WPA2 au zaidi. Kwa 2.4, kama kuu iko chaneli 1, hii iweke 6 au 11.

Kisha zima DHCP kwenye ruta hii ya pili. DHCP ndiyo inayogawia kila simu anwani na kuionyesha lango la kutokea. Mimi niliruka hapa. Nusu saa mambo yalikuwa shwari, halafu simu ya mama watoto ikadai imeunganishwa lakini haina intaneti, huku yangu ikipiga kazi kama kawaida. Ruta mbili zilikuwa zinagawa anwani, na aliyehudumiwa na ile ya pili alielekezwa kwenye lango lisilo na njia. Nililaumu kampuni hadi saa nne usiku.

Mwisho, waya utoke tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kuu uingie tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje, liache wazi kwenye ruta ya pili.

MASWALI

Swali: Nimeunganisha, lakini kwa waya kasi haipiti Mbps 100 na kifurushi changu ni zaidi.
Jibu: Kwanza hakikisha matundu ya ruta zote mbili yanaweza gigabiti (Mbps 1,000), ruta kuukuu nyingi huishia 100. Kama yanaweza, bana plagi upya. Mbps 100 hutosheka na nyuzi nne, gigabiti hutaka zote nane.

Swali: Stima ikipotea faiba hufa pia?
Jibu: Mara nyingi kinachokufa ni vifaa vyako vya ndani. Tafuta betri ndogo ya ruta yenye volti sawa na zilizoandikwa kwenye chaja yako, na ulishe kisanduku cha faiba pia. Ruta peke yake ikiwaka haikusaidii.

Swali: Kaka, naweza kuvuta waya hadi kwa jirani wa juu tuchangie?
Jibu: Soma mkataba wako kwanza, mingi hukataza. Na ukianza kuwauzia watu intaneti, hapo unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Akija tu kutembea, washa mtandao wa wageni kwenye ruta kuu, wenye nenosiri lake. Ukichoka naye unabadilisha hilo moja.