Kwilti saba, mada moja: jinsi ya kushona mfululizo wa ukutani kwa kanga

Mi nilikaa karibu miaka miwili na mada yangu inaitwa "bahari". Nikashona samaki, nikashona ngalawa, minazi, jua linazama, kila kwilti, yani kazi ya kitambaa ya tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, ukiiangalia peke yake ni nzuri kabisa, ila nikizitundika pamoja ukutani zinakaa kama abiria waliokutana stendi, kila mmoja na safari yake. Nikafikiri shida ni rangi, nikabadilisha rangi, wapi. Shida ilikuwa mada yenyewe, bahari ni kubwa mno haishoneki.

Afu siku moja niko kwetu Jambiani, mama ni mkulima wa mwani tangu enzi hizo kilimo kinaanza huku mashariki ya Unguja mwaka 1989, akaniambia kesho bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, twende wote shamba. Tukafika mapema maji bado yamejaa, tukakaa tukisubiri, na pale pale nilipokaa nikaona maji yanaondoka taratibu mpaka vigingi vinachomoza kimoja kimoja na kamba zake na taitai zote, vile vikamba vya kufungia mwani, na wanawake wanaanza kuingia. Nikasema mada yangu ndo hii. Sio bahari, ni maji kupwa, asubuhi moja, mahali pamoja.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa kabla hujagusa mkasi, tafuta mada ndogo na iwe na mwendo wake. Jiulize hivi, kitu gani kinabadilika na kitu gani kinabaki pale pale, ukiweza kujibu kwa sentensi moja fupi umeshapata, ukianza kujieleza sana bado. Mfano nazi, lugha yetu imeshakupangia kazi yote: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, hizo ni kwilti tano na hujafikiria chochote bado. Au ukili, kuanzia jani la mkindu mpaka mkeka umetandikwa. Hata chungu kinachotoka kwenye udongo mpaka jikoni. Lakini "upendo", "Afrika", "mwanamke", hizo ziache kwanza, sio kwamba ni mbaya, ni kwamba haziwezi kukuambia kwilti ya tatu iweje.

Mada nzuri inakupa mpaka vipimo, na hapa ndo mi nilipofurahi sana. Maji kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita, so saa ya kuanzia jumlisha masaa sita ni kwilti saba. Na maji hayashuki sawasawa kila saa, watu wa baharini wana hesabu yao wanagawa mshuko wote mafungu kumi na mbili: saa ya kwanza linashuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yani yanaanza polepole, katikati yanakimbia, mwisho yanatulia tena. Kwilti zangu ni sentimita 60 upana kwa 90 urefu, nikaamua mshuko wote uwe sentimita 60, basi fungu moja ni sentimita 5. Laini ya maji ukipima kutoka chini inakuwa 75, 70, 60, 45, 30, 20, 15. Sikubuni hata moja, na ukizipanga zile kwilti saba jicho lenyewe linashuka na maji. Mtu ambaye hajawahi kuishi pwani anaelewa bila kuambiwa.

Afu weka sheria na uziandike ukutani. Zangu zilikuwa nne tu: saizi moja, vigingi vinakaa pale pale kwenye kila kwilti, uzi wa kushonea juu ni mweupe zote, na nyekundu hairuhusiwi mpaka wanawake waingie. Hiyo ya nyekundu ndo ilinitesa, maana mi napenda nyekundu kuweka kila mahali, lakini ukiizuia kwilti nne nzima halafu ikatokea kwenye ya tano kadogo tu, inapiga kelele yenyewe.

Vitambaa. Mi natumia kanga, mpya na za zamani, kwa Dar zunguka Mtaa wa Uhuru na Kariakoo, Unguja nenda Darajani. Kanga ina sehemu tatu na kila moja ina kazi yake kwenye kwilti: mji wa katikati una maua makubwa unafaa maji na mchanga, pindo lina marudio marudio unafaa povu na laini za kamba, na jina, yale maandishi, hayo usikate ovyo. Maneno yakikatwa nusu mtu anasimama kuyasoma badala ya kuangalia kazi, kwa hiyo ama uyaache mazima ama usiyatumie kabisa. Upande mmoja wa kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, ukikata vipande vya 70 kwa 100 unapata migongo miwili, so migongo ya kwilti saba ni pande nne, yani doti mbili zinatosha na kipande kinabaki.

Fua kila kitu kwanza. Kila kitu. Mi niliharibu kwilti nzima kwa sababu ya kanga nyekundu niliyoiona imekauka safi nikadhani imeshamaliza kuchuja, nikairushia maji kidogo ili nipige pasi, pinki ikatambaa mpaka kwenye povu jeupe, na haikutoka tena. Watu wanasema loweka na chumvi, loweka ukitaka lakini usiiamini, cha kuamini ni maji ya kusuuzia, fua mpaka yatoke meupe, afu chukua kitambaa cheupe kilicholowa ukiweke juu ya kanga upige pasi, kikitoka na rangi rudi kwenye beseni. Nyekundu na nyeusi ndo wabishi zaidi. Na kanga mpya inarudi kidogo ikifuliwa, kwa hiyo ukikata kabla ya kufua vipimo vyako vyote vimekwenda.

Kuchora usichore kwa saizi kubwa. Chora visanduku saba vya sentimita 6 kwa 9 kwenye karatasi moja, vyote kwenye mstari, ili uone mfululizo sio picha moja moja. Piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vikionekana vyote kijivu kimoja, mwanga na giza havijakaa sawa na hakuna rangi itakayokuokoa, rekebisha sasa hivi ukiwa bado kwenye karatasi. Ukimaliza tundika blanketi kuukuu ukutani, vipande vya kitambaa vinashikilia pale kwa pini chache, unakaa navyo siku mbili tatu unapita unaviangalia ukiwa unakunywa chai.

Usianze na namba moja. Anza na ya katikati, kwangu ilikuwa ya nne, maana ndo vichwa vya vigingi vinachomoza sentimita 5 juu ya maji, kila kitu kipo pale, maji, mbao, kamba. Ishone uimalize mpaka mshono wa mwisho, makosa yote uyafanyie hapo, afu ndo ukate zingine sita kwa pamoja.

Maji na mchanga niliviunganisha kwa cherehani kawaida, lakini vigingi na watu ni kukata umbo na kulishonea juu. Ni mbinu ya zamani, Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani Georgia kule Marekani mwaka 1837, alikata watu na wanyama hivyo hivyo akawashonea juu ya kitambaa, na kwilti zake mbili mpaka leo zipo makumbusho, moja Washington na nyingine Boston. Mi natumia ile gamu ya pasi mafundi wanayoweka kwenye kola ili umbo lisichanike pembeni, nalipiga zigizaga dogo dogo kuzunguka.

Sasa tabaka. Chini mgongo, katikati pamba, juu kazi yako, mgongo na pamba vizidi sentimita 5 kila upande. Pamba ya katikati sio lazima ununue ya bei, blanketi jepesi la pamba linatosha na kwa joto letu kazi haivimbi. Piga bandi, ule mshono mrefu wa kushikilia kwa muda, kwa mkono kila baada ya sentimita 10 hivi, au tumia pini za nepi, afu mshono wenyewe anzia katikati kwenda nje, ukianzia pembeni kitambaa kitakusanyika katikati kifanye matuta. Kwa mistari ya kupinda shusha meno ya cherehani uongoze kitambaa kwa mikono. Kwenye sehemu ya mchanga nilifuata zile alama maji yanazoacha yakiondoka, mistari midogo inayopinda, na kwa sababu mchanga unaongezeka kila kwilti basi na mistari inaongezeka, ya saba ilikula bobini nyingi ajabu.

Pembeni funga kwa bayasi, kata utepe wa sentimita 6 ukunje mara mbili. Mgongoni juu shona mfuko wa kupitisha fimbo, na andika jina lako, mwaka na namba yake, 1 ya 7, 2 ya 7, hivyo hivyo. Kutundika acha sentimita 10 kati ya moja na nyingine na chini ziwe sawa kabisa. Hizi zangu zinataka ukuta wa karibu mita tano, kama huna shona za 40 kwa 60, fungu lako litapungua tu. Usitundike jua linapopiga, kanga inapauka haraka, na ukihifadhi viringisha kazi ikiwa upande wa nje, funga kwa shuka la pamba, usitie kwenye nailoni maana unyevu wa pwani utaleta ukungu.

Kuna kitu nimekiruka na kinatakiwa kije kabla ya bayasi. Mwonyeshe mtu anayeijua hiyo mada kwa mikono yake. Mi nilizipanga zote saba sakafuni kwa mama. Kwenye ya saba nilikuwa nimetumia kanga yake nyekundu kwa yule mtu aliyeinama, na jina la hiyo kanga nimeliacha zima pale chini, "Kilicho baharini kakingoje ufukoni", nikajua atasoma hilo kwanza. Hakusoma. Alihesabu vigingi kwa kidole, akasema hiki na hiki vimekaribiana mno, mwani utasuguana huu. Nikafumua kigingi kimoja kwenye kwilti zote nne kinapoonekana, nikakisogeza sentimita 4.