Jinsi ya Kukokotoa Tungamo la Shimo Jeusi kwa Kufuata Nyota Moja

Shimo jeusi halionekani, lakini nyota zinazolizunguka zinaonekana, na kwa hesabu yake kikokotoo cha simu kinatosha. Tuchukue lililo katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, pamoja na nyota S2. Kundi la mwanaastronomia Reinhard Genzel huko Chile na la mwenzake Andrea Ghez kwenye darubini za Keck, Hawaii, wameifuata kwa miaka mingi. Huipiga picha kwa mwanga wa infraredi, kwa sababu vumbi la galaksi huziba karibu mwanga wote wa kawaida.

Unahitaji vipimo vitatu: muda wa mzunguko mmoja, miaka 16.05, nusu ya mhimili mrefu wa njia ya S2, ambayo ni duaradufu, sekunde za tao 0.125 (sekunde ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya digrii), na umbali kutoka kwetu, parseki 8,277 (parseki moja ni kama miaka ya nuru 3.26).

Zidisha 0.125 kwa 8,277. Utapata takriban 1,035, yaani mara 1,035 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Sasa ingia kanuni ya tatu ya Kepler, inayounganisha ukubwa wa njia, muda wa mzunguko na tungamo la kitu kinachozungukwa: 1,035 kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 16.05 kwa kipeo cha pili. Hiyo ni 1,108,717,875 ÷ 257.6, na jibu ni kama milioni 4.3. Shimo lina tungamo la Majua milioni 4.3!

Wengi hukosea kwenye ile nusu. Ukiweka mhimili mzima, jibu linakua mara nane. Njia yenyewe imelala mshazari tukiitazama, hivyo duaradufu ya pichani imefupika, 0.125 ni kipimo baada ya kusahihisha mlalo huo. Angalia sana umbali: ukikosea asilimia 1, tungamo linapotoka kwa asilimia 3, maana unapandishwa kipeo cha tatu. Wala usiweke siku au kilomita. Kanuni hii fupi haizikubali.

Ukubwa wake je? Kila Jua moja huongeza kilomita 2.95 kwenye nusu kipenyo cha mpaka ambao mwanga hautoki. Zidisha kwa milioni 4.3, upate kilomita milioni 12.7, inayoenea ndani ya njia ya Utaridi. Mei 2018 S2 ilipita kilomita bilioni 18 kutoka kwenye shimo hilo, ikikimbia zaidi ya kilomita 7,600 kwa sekunde. Bado ilikuwa mbali mara 1,400 ya nusu kipenyo hicho, ndiyo maana haikuraruliwa.