Somo: Lenzi moja ndefu ya safari, venye utaichagua na venye utaibeba bila kulia

Wasee habari zenu. Hili swali naulizwa kila tukitoka kupiga picha kwa hivyo leo naandika mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii. Tunaongea kuhusu lenzi ndefu ya praimu, yaani ile haizumi, iko urefu mmoja tu, milimita 135 ama 200 ama 300, ukitaka kitu kikaribie ni wewe utasonga.

Wacha nianze na kosa langu. Lenzi yangu ndefu ya kwanza ilikuwa 400 ya f/5.6 (hiyo namba ya f ni apacha, yaani uwazi wa kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo uwazi ni mkubwa), kilo moja na robo, haina stebilaiza, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono. Niliinunua mtumba juu niliona jamaa mmoja akiwa na kama hiyo pale Nairobi National Park na picha zake za simba zilikuwa moto. Mwaka mzima niliitoa nyumbani mara nne. Kila safari naiangalia pale chini ya kitanda, naona aah, wacha niende na ile ndogo. Na siku niliingia nayo tao ndio nilijua sijui, kitu chochote kikiwa ndani ya mita tatu na nusu haishiki fokasi, na kikiwa mbali kiasi unapata sikio la konda na robo ya dirisha. Nikaiuza, nikachukua 200 ya f/2.8 ya gramu 765, na hiyo sasa imekwaruzika rangi kila mahali juu inatoka kila wikendi. Ndio maana mtanisikia nikisema chukua fupi kuliko venye unafikiria.

HATUA YA 1: Usinunue kitu bado

Wengi wenu mko na ile zumu ya bei ya chini, 55-250 ama 70-300. Fungua picha za safari zako mbili za mwisho kwa kompyuta na uangalie kila picha ilipigwa kwa urefu gani, kamera huandika. Zile unapenda, si zote. Halafu chukua tepu, funga pete ya zumu kwa 200, tembea nayo wikendi nzima bila kuifungua, wikendi ingine funga kwa 135 ama 300. Tepu ni pesa kidogo, lenzi si pesa kidogo. Mimi ningefanya hivi mapema ningejua kwamba karibu picha zangu zote nzuri ziko kati ya 130 na 220.

HATUA YA 2: Hesabu ya nganya na twiga

Hii ndio hesabu moja tu utahitaji na ni rahisi. Urefu wa kitu, mara urefu wa lenzi, gawanya kwa upana wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinashika picha, unapata utasimama umbali gani ndio kitu chote kiingie. Kamera za Canon za sensa ndogo, zile wengi wetu tuko nazo, sensa ni kama milimita 22 kwa upana, zile za sensa kubwa ni 36.

Sasa chukua matatu ya watu 14, ni kama mita 5. Kwa sensa ndogo na lenzi ya 200 lazima usimame karibu mita 45 ndio iingie yote. Mita 45 pale Moi Avenue! Kati yako na hiyo gari kutakuwa na watu mia, mkokoteni, na mtu anauza soksi. Kwa 135 ni mita 30, kwa 85 ni kama mita 19, na hiyo ya mwisho ndio inawezekana ukisimama upande ule mwingine wa barabara.

Twiga dume naye ni kama hiyo mita 5, ni nganya iliyosimamishwa wima, ukigeuza kamera wima hesabu ni ile ile. Kwa 300 ni mita 67 hivi. Lakini tofauti iko hapa na ndio watu husahau: tao miguu yako ndio zumu, unasonga mbele unarudi nyuma. Mbugani miguu imefungiwa ndani ya gari, huruhusiwi kutoka isipokuwa zile sehemu zimetengwa kama pale Nairobi National Park pembe za ndovu zilichomwa, na gari nayo haiachi barabara. Kwa hivyo kama safari zako ni wanyama na ndege, 300 ina maana. Kama ni watu, soko, barabara, majengo, 135 kwa sensa kubwa ama 85 kwa sensa ndogo inatosha kabisa na hakuna mtu atakuona kama mpelelezi. Ukitaka kidogo ya kila kitu, 200.

Na ile picha ya kila mtu, twiga mbele majengo ya tao nyuma makubwa. Lenzi pekee haifanyi hiyo. Kinachofanya majengo yakue ni wewe kuwa mbali na twiga, lenzi ndefu inakusaidia tu kukata kile kipande. Ukiwa karibu na huyo twiga, hata uweke nini, KICC itabaki kama kiberiti.

HATUA YA 3: Uzito

Apacha kubwa ni kioo kikubwa, kioo kikubwa ni kilo. Gawanya urefu kwa ile namba ya apacha: 300 ya f/4 inataka uwazi wa milimita 75, 400 ya f/2.8 inataka 143, na ndio maana hata ile ya Canon iliyotoka 2018 bado inacheza karibu kilo 2.8. Hiyo ni kazi ya watu wanalipwa. Za safari ziko hivi: Canon 135 f/2 gramu 750, Canon 300 f/4 ya stebilaiza gramu 1190, Nikon 300 f/4 ya PF ya 2015 gramu 755 tu, karibu nusu ya ile ilikuja kabla yake. Hiyo Nikon kwa kweli ni ajabu, shida ni bei.

Jaribu hivi kabla ya kutoa pesa. Weka sukari kilo moja kwa begi ukiongeza kamera yako, vaa, toka Kencom tembea mpaka Uhuru Park, zunguka, rudi kupitia City Market. Kama ukifika umeanza kuchukia sukari, shuka chini.

HATUA YA 4: Kukagua mtumba

Fupi tu. Washa tochi ya simu upande mmoja wa kioo uangalie kutoka upande ule mwingine, ukiona nyuzi kama buibui ni kuvu, wacha hapo hapo. Vumbi kidogo ndani si kitu. Angalia mabamba ya apacha hayana mafuta. Piga kitu cha karibu, cha mbali, cha karibu tena, usikilize mota. Kama uko na Nikon ndogo za D3000 ama D5000 na ndugu zake, jihadhari na lenzi za zamani kama 180 f/2.8 AF, hizo kamera hazina mota kwa bodi, utazungusha fokasi na mkono. Na M-Pesa ni baada ya kujaribu, si kabla, hata kama anasema kuna mtu mwingine yuko njiani. Huyo mtu huwa njiani kila siku.

HATUA YA 5: Kubeba

Hapa ndio pesa ya watu hupotelea.

Begi la kamera lenye jina kubwa mgongoni ni kama kutembea na bango. Mimi natumia begi la shule, lile la kawaida, ndani nimeweka kipande cha godoro la sponji nimekata kwa kisu na lenzi imevingirishwa kwa leso. Kofia ya lenzi, lile bomba la mbele la kukinga jua, unaigeuza nyuma, inakuwa fupi na inalinda. Kwa matatu begi linakaa mapajani, si chini ya kiti na si kule nyuma na mizigo. Kwa boda weka begi kifuani kati yako na mwenye boda, usilifunge kwa keria, ule mtetemo wa barabara mbaya unalegeza skrubu ndogo ndogo za ndani, nimeona lenzi imetoka Kiserian inacheza kama kayamba.

Kama lenzi inapita kilo, mkanda fungia kwa ile pete ya tripodi ya lenzi, usiache lenzi nzito ining'inie kwa mdomo wa kamera. Kama lenzi haifiki kilo, hauna tripodi na pete inatoka, itoe tu, ni gramu za bure.

Mvua: zamani tulikuwa tunafunika na mfuko wa plastiki, tangu Agosti 2017 hiyo ni makosa, na tangu Juni 2020 mbugani hata chupa za plastiki za kutumia mara moja zilikatazwa. Nunua kofia ya kuogea ya nailoni, ile ya nywele, inaenea kamera na lenzi fupi vizuri sana, usicheke.

HATUA YA 6: Ukifika

Fika geti saa kumi na mbili. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda haraka, ile mwanga tamu haikai, na kufika saa nne hewa ya uwanda imeanza kucheza juu ya ardhi moto, picha ya mbali inatoka laini hata kama lenzi ni ya milioni. Watu hufikiria lenzi imeharibika. Songa karibu ama ngoja jioni.

Kasi ya shata, yaani kamera inafungua na kufunga haraka aje, usiende chini ya moja juu ya urefu wa lenzi, na kwa sensa ndogo ongeza nusu, 200 iwe 1/320. Stebilaiza inasaidia mkono wako, haisimamishi swara anaruka. Dere azime injini. Na kwa dirisha weka kifuko cha nafaka, unashona kutoka kwa suruali ya jinzi iliyozeeka, unakibeba kitupu, unakijaza ukifika.

MASWALI YENU

Mwanachama wa Rongai: Mwalimu, si 70-200 f/2.8 inamaliza hii maneno yote?
Jibu: Kwa harusi ndio, nunua usiangalie nyuma. Kwa safari, nyingi zinakaribia kilo moja na nusu, karibu mara mbili ya 200 yangu. Inamaliza maneno na inamaliza bega.

Dada wa Umoja: Niko na 200 f/2.8, naenda Naivasha kupiga furukombe, yule tai wa samaki, niongeze konvata, kile kipande cha kuongeza urefu wa lenzi?
Jibu: Dada, ile ya 1.4 ndio, utapata 280 ya f/4, unapoteza stopu moja tu, yaani nusu ya mwanga. Ya mara mbili inakula stopu mbili na fokasi inalegea. Na kwa mashua watu wa pale hurusha samaki, furukombe atakuja karibu kuliko venye unadhani, kaa tayari.

Mwanachama mgeni: Mambo, je nikienda pwani lenzi inashika ukungu, nifanye?
Jibu: Poa. Hiyo ni kutoka kwa chumba cha AC kuingia joto la nje. Iache ndani ya begi limefungwa dakika 20 au 30 nje ndio uitoe. Usibadilishe lenzi ikiwa baridi.

Mwanachama wa Kayole: Buda, na hii mambo ya kupiga watu kutoka mbali bila wao kujua?
Jibu: Nilipiga mama mmoja wa mboga hivyo soko la Wakulima, akaniona, akaniita mbele ya watu akaniuliza nimemlipia nini. Sikuwa na jibu. Siku hizi nasalimia kwanza, nanunua kitu, narudi nyuma mita zangu kumi na tano napiga. Uso unatoka mzuri zaidi juu anajua wewe ni nani.

Dada wa Umoja tena: Kile kifuko ni maharagwe ama ndengu?
Jibu: Maharagwe. Ndengu ni ndogo inatokea kwa mshono. Safari ikiisha unachemsha, mimi Naivasha nilikula kifuko chote na chapo mbili.